Mwale wa Chausiku unahitaji joto kiasi gani kukata mlango wa chuma?

"Mtaalamu, naandika hadithi ya katuni. Shujaa wangu ni msichana aitwaye Chausiku, ambaye macho yake hutoa mwale unaokata chuma. Sura ya kwanza anafungiwa ghalani. Mlango ni wa chuma, urefu mita 2, upana mita 1, unene sentimita 1. Anakata tundu la kupita kwa sekunde 10 na kutoka. Nimeandika kwamba mwale una joto la nyuzi milioni moja. Rafiki yangu anayesoma sayansi akapiga hesabu kwa ile kanuni ya shuleni, uzito mara joto maalumu mara badiliko la nyuzi, akapata jouli milioni 106, ambazo kwa sekunde 10 ni megawati 10 na ushee. Ananiambia hata Bwawa la Nyumba ya Mungu halitoi umeme huo, kwa hiyo nifute sura nzima. Ni nyuzi ngapi hasa? Na je, nifute?"

Usifute. Rafiki yako amezidisha bila kosa, ila ameyeyusha mlango mzima, na Chausiku hana haja ya kuyeyusha mlango mzima. Wewe nawe umeuliza nyuzi, na nyuzi ndizo zenye uzito mdogo kuliko yote katika jambo hili. Tukishalinyoosha hilo, hesabu yenyewe inaenea kwenye nusu karatasi.

Neno joto tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna halijoto, yaani ukali, unaopimwa kwa nyuzi. Na kuna joto lenyewe, yaani kiasi cha nishati kilichoingia kwenye kitu, kinachopimwa kwa jouli. Simama karibu na fundi anayekata nondo kwa grenda. Zile cheche zinazoruka hupita nyuzi 1,000, lakini zikikuangukia mkononi unahisi kama umeumwa na sisimizi. Kikombe cha chai hakifiki hata nyuzi 100, na kikikumwagikia pajani unaweza kulala hospitali. Cheche ni kali, ila ni ndogo mno, haina cha kukumwagia. Hata Jua lina mfano wake: lile taji jembamba linaloonekana Jua linapopatwa kabisa lina nyuzi zaidi ya milioni moja, na uso wa Jua ulio chini yake una kama 5,500 tu. Lakini anayetukaushia dagaa ni uso, si taji. Taji ni jepesi mno, halina joto la kugawa. Ndiyo maana nyuzi zako milioni moja hazimwambii msomaji chochote kuhusu mlango.

Chuma chenyewe hakidai ukali mkubwa. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na chuma cha kawaida cha milango huanza kuyeyuka chini kidogo ya hapo. Moto wa fundi gesi, wa asetilini na oksijeni, hufika kama nyuzi 3,100. Mashine ya plazma, inayokata kwa gesi iliyopashwa na umeme, hufika 20,000 na zaidi. Leza ya kiwandani haina nyuzi zake yenyewe kwa maana hii tunayoizungumza, kwa sababu mwanga wake ukisafiri hewani haujawa moto bado. Moto unazaliwa pale unapogonga chuma na kumezwa. Mwale wa Chausiku uhesabu hivyo. Usiupe nyuzi, upe wati, yaani jouli kwa kila sekunde, kisha uupe upana wa doa unapogonga.

Sasa hesabu. Mtu mwembamba hupita kwenye tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 60. Mzunguko wa duara hilo ni sentimita 188. Ukikata huku mfereji wa mkato ukiwa na upana wa milimita 3, na mlango una unene wa sentimita 1, chuma kinachopaswa kuondoka ni sentimita za ujazo 56 hivi. Kila sentimita ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, kwa hiyo tunazungumzia gramu 440, chini ya nusu kilo. Rafiki yako aliyeyusha kilo 157. Hapo ndipo megawati zake zilipotoka.

Kuna kosa la pili kwenye hesabu yake, na hili limemvuta upande wa pili. Kwa joto maalumu, yaani joto linalohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja, alitumia jouli 450, ambayo ni thamani ya chuma kikiwa baridi. Chuma kikipata moto hudai zaidi, kwa wastani kama 690 hadi kifike kwenye kuyeyuka. Na kikishafika huko hakiyeyuki bure: kila kilo hudai jouli 247,000 nyingine ili kitoke kwenye ugumu kiwe uji, huku nyuzi zikiwa zimesimama palepale. Hilo ndilo joto fiche, na kanuni ya uzito mara joto maalumu hailioni. Jumla, kutoka chuma baridi hadi chuma kilichoyeyuka ni kama jouli milioni 1.3 kwa kilo. Kwa gramu zetu 440 inakuwa jouli 580,000 hivi. Gawa kwa sekunde 10, unapata kilowati 58.

Ukitaka kuona kwa nini kukata kunashinda kuyeyusha, chukua kile kipande cha duara kitakachoanguka. Kina kilo 22. Kukiyeyusha chote kungedai jouli karibu milioni 29, mara 50 ya zile za kukata pembezoni mwake. Kama katika sura nyingine unataka mlango uchuruzike wote kama uji wa ulezi, basi rafiki yako yuko sahihi, utahitaji bwawa.

Kilowati 58 ni za mlango ulio mtiifu, unaomeza kila jouli na kuitumia pale ulipoipokea. Mlango wa kweli hauko hivyo. Kwanza, chuma hurudisha mwanga. Mwanga wa leza za kisasa za viwandani, ambao uko karibu tu na mwekundu lakini jicho haliuoni, ukigonga chuma kilicho wazi humezwa kama asilimia 35 hadi 40, na uliobaki huruka. Mkato ukishazama mambo huwa mazuri zaidi, kwa kuwa mwanga hugongagonga kuta za mfereji na kumezwa kidogo kidogo, lakini mwanzo ni mgumu. Pili, joto hutoroka kwenda pembeni. Katika sekunde moja joto hutembea ndani ya chuma cha kawaida kama milimita 7, katika sekunde 10 zaidi ya sentimita 2. Chausiku akienda polepole, atapasha mlango badala ya kuukata. Kwa mwendo uliompa, sentimita karibu 19 kwa sekunde, mwale unalitangulia joto, na hasara hii ni ndogo. Mwendo wa haraka unamsaidia, na hapo silika yako ya sekunde 10 ilikuwa nzuri.

Tatu, na hili waandishi wengi hulisahau, chuma kilichoyeyuka lazima kiondoke. Kikibaki ndani ya mfereji kitaganda tena nyuma ya mwale, na mlango utakuwa umejichomelea wenyewe. Viwandani hupuliza gesi kwa shinikizo pamoja na leza ili kukifukuza. Chausiku hana pampu. Anachoweza ni kuongeza nguvu hadi sehemu ya chuma igeuke mvuke, na mvuke huo usukume ule uji utoke. Kugeuza chuma kuwa mvuke ni gharama: chuma huchemka nyuzi 2,862, na kila kilo hudai jumla ya jouli kama milioni 8.4 kutoka baridi. Gramu zote 440 zikiwa mvuke ni jouli milioni 3.7. Ukweli uko katikati. Mimi ningempa kilowati 200 kwa sekunde 10, yaani jouli milioni 2, nikijua kwamba mtu mwingine mwenye hesabu nzuri anaweza kusema 150 au 400 na asiwe amekosea. Kilowati 200 ni nguvu za farasi 270 hivi, kama injini ya basi la mikoani. Ni kubwa kuliko leza nyingi za viwandani, ambazo huwa za kilowati chache hadi makumi kadhaa, lakini si bwawa.

Jouli milioni 2, ndugu yangu, ni unga wa sembe gramu 130 hivi. Sahani moja ya ugali. Nimerudia hesabu hii mara nyingi na bado inanifurahisha. Nishati ya kukata mlango Chausiku alikula mchana. Ugumu uko kwenye kasi. Mwili uliotulia hutumia wati kama 100, na huchukua zaidi ya saa tano kutumia sahani hiyo. Yeye anaimwaga kwa sekunde 10. Kilo moja ya mkaa mzuri ina jouli karibu milioni 30, zinazotosha kwa hesabu ya karatasini kuyeyusha kile kipande chote cha kilo 22, na bado jiko la mkaa halijawahi kuyeyusha msumari. Joto lake hutoka taratibu na kusambaa. Wazee wa Kihaya wa Kagera waliolitaka joto la kutoa chuma kwenye mawe walitumia mkaa uleule, lakini wakaupa mivukuto na mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuru. Walichoongeza ni kasi ya hewa.

Na hapa nakuletea njia nyingine, kwa sababu nadhani itakupa hadithi nzuri kuliko ya mwale mtupu. Mtazame fundi gesi akikata bamba nene. Wengi hudhani moto wa asetilini ndio unaokata. Hapana. Moto ule hupasha sehemu ndogo hadi iwe nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, kama nyuzi 900. Kisha fundi hubonyeza wenzo, oksijeni tupu hutoka kwa kishindo, na chuma chenyewe huwaka. Chuma ni kuni, ukikipa oksijeni ya kutosha. Kilo moja ya chuma ikiungua hutoa jouli karibu milioni 5 hadi 7 kutegemea aina ya oksidi inayotokea, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika kuiyeyusha. Kwa hiyo mkato ukishaanza unajilisha, na mkondo wa oksijeni unafukuza uji kwa wakati huohuo. Kama ghalani mna mtungi wa oksijeni, Chausiku anaweza kufika nje kwa mwale dhaifu zaidi, akipasha tu mstari na kuiacha oksijeni ifanye kazi. Atatumia akili, si macho peke yake. Ubaya ni kwamba itakuwa polepole. Sekunde 10 zisahau, mpe dakika kadhaa. Na ujue kwamba njia hii inakataa kwa chuma kisichoshika kutu, maana kromi iliyomo hutengeneza ngozi isiyoyeyuka kirahisi na kuzuia oksijeni. Aluminiamu nayo hukataa vivyo hivyo: yenyewe huyeyuka nyuzi 660, lakini ngozi yake hungoja hadi nyuzi 2,070 hivi. Shaba nyekundu ni adui wa mwale wa aina hii, kwa kuwa hurudisha karibu mwanga wake wote na kulitorosha joto mara nane kuliko chuma cha kawaida. Ukitaka mtu mbaya wako awe mjanja, mpe mlango wa shaba.

Umbali nao una sheria yake. Mwanga ukitoka kwenye tundu dogo hutanuka, hata ukiwa mnyoofu kadiri gani, na tundu likiwa dogo zaidi ndivyo unavyotanuka zaidi. Ukitoka kwenye mboni ya milimita 5, mwanga ule usioonekana nilioutaja, ukielekezwa vizuri kabisa, utafanya doa la milimita 2.4 kwa umbali wa mita 5. Hiyo inalingana na mfereji wetu wa milimita 3, na nilipoiona nilijua sura yako inasimama. Kwa mita 50 doa linakuwa sentimita 2.4, na nguvu kwa kila sentimita ya mraba inashuka mara 100. Kwa hiyo Chausiku anakata akiwa karibu. Kwa mbali anaunguza, anawasha nguo, anapofusha, lakini mlango haukatiki kwa sekunde 10. Usimwache akate meli akiwa Kigamboni nayo iko ng'ambo.

Waandishi pia hupenda mwale umrushe shujaa nyuma. Mwanga husukuma, ni kweli, lakini kilowati 200 za mwanga husukuma kwa kani ya kama uzito wa punje tatu za mchele. Hatatikisika. Kinachomhusu kweli ni kichwa chake. Tuseme macho yake ni ya ajabu kiasi kwamba asilimia 99 ya nishati inatoka nje na asilimia 1 tu inabaki. Hiyo asilimia 1 ni kilowati 2, na kwa sekunde 10 ni jouli 20,000. Kichwa cha kilo 5 kitapanda joto kwa nyuzi moja na kidogo. Yaani homa. Ikibaki asilimia 10, kichwa kinapanda nyuzi 11, na hadithi inaishia hapo. Ningekuwa wewe, ningeichukua ile homa. Kila anapokata, akae chini, aombe maji, mtu amshike paji la uso. Akikata milango miwili mfululizo, tuanze kumhofia. Nguvu isiyo na gharama hatuiamini hata kwenye hadithi za sungura.

Chora pia kinachoonekana kweli. Mwale wa aina hiyo hauonekani hewani isipokuwa kuwe na vumbi au moshi, kwa hiyo jaza ghala vumbi la simenti. Cheche na matone zitarukia upande wa pili wa mlango pale mwale unapotoboa, lakini kabla haujatoboa zitamrudia yeye. Kipande cha kilo 22 kitaanguka, na kikiangukia mguu kinavunja. Kingo zitabaki nyekundu, kwa hiyo akipita hapohapo bila kitu cha kufunika, gauni litashika moto. Na yeyote aliye naye mle ndani lazima ageuke na kufumba macho, kwa sababu ule mwanga unaoruka kutoka mlangoni unaweza kupofusha bila mtu kuona chochote.

Hilo la macho linanileta kwenye jambo ambalo si la katuni. Nimeanza kazi hii kwa mtungi wa gesi kabla ya kufika darasani, na nimewaona vijana wakikodolea moto wa kuchomelea kwa sababu walitaka kujifunza. Ukitaka kuchora vizuri, nenda kwa fundi, mwombe ruhusa, vaa miwani yake ya kuchomelea, na simama upande upepo unakotoka. Chuo cha VETA kilicho karibu nawe kikiwa na karakana ya uchomeleaji ni mahali pazuri zaidi, maana mwalimu atakueleza anachofanya. Usinunue leza yenye nguvu mtandaoni ili "ujaribu kidogo"; zile za wati chache tu huharibu jicho kabla hujapata muda wa kupepesa. Usikate pipa lililowahi kubeba mafuta, hata likionekana kavu. Na bati au bomba lenye zinki ukiliunguza hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana usiku wake. Ukiamka usiku macho yanachoma kama yamejaa mchanga baada ya kutazama kuchomelea, usiweke maziwa wala dawa ya jirani, nenda hospitali ukaonwe na mtu wa macho. Na kama siku moja swali lako litakuwa la mlango wa kweli, wa duka au nyumba, hesabu zangu hizi hazitoshi. Mwite fundi auone.

Umesema hii ni sura ya kwanza tu, kwa hiyo nakuongezea namba moja ya akiba. Kontena la bandarini lina kuta za chuma zenye unene wa kama milimita 2. Tundu lilelile la sentimita 60 linataka moja ya tano ya chuma kile, gramu 90 hivi. Kwa mwale uleule wa kilowati 200, Chausiku atatoka kwenye kontena kwa sekunde 2, na homa yake haitafika hata robo ya nyuzi.